Kata ya Reli haina reli: nani hasa aliyeijenga mitaa ya Mtwara?

#1 DalaliWaChikongola

Wakuu habari za Jumapili.

Mimi ni dalali wa vyumba hapa Mtwara mjini tangu 2009. Kazi yangu ni miguu: Chikongola, Majengo, Vigaeni, Magomeni, napinda Rahaleo, naishia Reli. Wiki iliyopita nilimpeleka kijana mmoja kutoka Mbeya kuangalia chumba kata ya Reli. Tuko njiani akaniuliza, "Broo, stesheni iko upande gani?" Nilicheka hadi nikasimama. Nikamwambia stesheni hakuna, reli hakuna, na treni ilipoonekana hapa mara ya mwisho baba yake huenda hajazaliwa. Akasema, sasa mbona panaitwa Reli?

Tukapita kwa fundi chuma mmoja. Yeye majembe na visu anafulia juu ya kipande cha reli, kimegongwa miaka na miaka mpaka mgongo wake unang'aa. Nikamwonyesha yule kijana: reli uliyokuwa unaitafuta ni hiyo.

Kwa faida ya wasiojua. Baada ya vita vya pili Waingereza walikuwa na njaa ya mafuta ya kula, wakaamua kulima karanga Tanganyika: Kongwa, Urambo na huku kwetu Nachingwea. Wakaanza 1947. Walileta mpaka vifaru vya vita vilivyogeuzwa matrekta. Ili karanga za Nachingwea zitoke, ikahitajika bandari yenye kina na reli ya kuifikia. Mji wa Mtwara mnaouona, na hizi barabara pana kuliko magari yake, ulipimwa kwa ajili ya karanga. Mwaka 1951 mradi ukafutwa, pauni zaidi ya milioni 35 zimeteketea. Bandari ikakamilika 1954, karanga hakuna. Reli ikajikokota kidogo, mwanzoni mwa miaka ya 1960 ikafungwa na kung'olewa. Jina likabaki, na watu wakabaki.

Hapo ndipo penye hoja yangu. Kuna nyumba moja Magomeni nimeipangisha mara nyingi kuliko nyingine yoyote. Ni ya bibi mmoja, jina naliacha. Ukisimama uani unaiona ilivyoungwa, kama mkeka, shupatu kwa shupatu. Mbele kuna vyumba viwili vya miti na udongo, fito zinachungulia pale chokaa ilipobanduka. Hivyo alivijenga marehemu mumewe, kuli wa bandarini aliyeshuka kutoka Newala. Vinafuata vyumba viwili vya tofali za saruji, vya miaka ile ya mwanzo ya 1970 korosho zikiwa na maana. Halafu kuna ukuta ambao hadi leo haujapigwa lipu. Umri ule watoto wote walikuwa Dar. Nyuma kabisa, uani, vyumba vinne vya mwaka 2012, kila kimoja na choo chake, vigae, na luku yake. Bibi anaviita "vya watu wa gesi". Mtu wa gesi alikaa mmoja tu, miezi saba. Leo kimoja yumo mwanafunzi wa chuo, kingine dereva wa lori, cha tatu binti anayebangua korosho. Cha nne wanalala kuku. Na kina vigae.

Kwa hiyo naomba tujadili. Mimi naona miradi haikuijenga mitaa hii. Miradi ilileta watu na kuwatupa, mitaa wakaijenga waliokosa nauli ya kurudi au waliokuwa wameshaoa hapa. Nakosea wapi?

#2 KiliMaMbili

Nipo siti ya mbele, kikombe cha uraka, pombe ya mabibo, mkononi. Endeleeni.

#3 BintiMikindani

Kaka dalali umeanza vizuri, ila umeanza katikati. Kabla ya karanga zenu kulikuwa na Mikindani, na ndiyo maana hadi kesho manispaa inaitwa Mtwara-Mikindani. Majahazi yalikuwa yanatia nanga huku, meno ya tembo na watumwa wanapita huku. Livingstone safari yake ya mwisho ya bara aliianzia hapa mwaka 1866. Mjerumani akajenga boma lake 1895, na liko pale juu mpaka leo.

Mtwara ndiyo iliyotunyonya. Meli kubwa zilitaka kina, na kina kiko kwenu. Marehemu babu yangu alikuwa fundi wa nyumba za mawe na chokaa. Bandari ilipoanza kujengwa akawa anatembea kama kilomita 10 kwenda na nyingine 10 kurudi, kwa sababu hela ilikuwa kule na mke alikuwa huku. Baada ya mwaka akachoka, akajenga kibanda Mtwara. Baada ya kibanda akaongeza mke. Unacheka? Ukoo wetu umegawanyika hivyo mpaka leo: sisi wa mawe na wao wa tofali.

Mikindani ikaanza kuporomoka, kwa maana ya kuporomoka kweli. Zile ghorofa za matumbawe zinataka fundi wa kuziba nyufa kila mwaka, na fundi alikuwa Mtwara akibeba zege.

#4 MtuWaMingoyo

Watu wa Mtwara bwana, mkisema "Kusini" mnajiona nyie tu. Makao makuu ya Jimbo la Kusini yalikuwa Lindi mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1950 yalipohamishiwa kwenu. Na hiyo reli yenu ilianza kubeba mizigo kutokea Mkwaya, kwenye ghuba yetu, bandari ya Mtwara ikiwa bado haijakamilika.

Nikuunge mkono lakini dalali, kwa mfano wa mkonge. Lindi ilizungukwa na mashamba, Kikwetu na mengineyo. Watu waliletwa kwa mkataba kutoka Ungoni na kutoka ng'ambo ya Ruvuma, yaani Msumbiji, kila mmoja kapewa namba, ndiyo maana wakaitwa manamba. Ulikuwa unapewa kipande, unajaziwa siku. Siku 30 za kazi zikitimia ndipo unalipwa. Ukiumwa, siku hazisogei. Mtu anaweza kula miezi miwili kwenye kipande kimoja.

Walikaa makambini, nyumba mstari mstari. Nailoni ilipoangusha bei ya mkonge, mashamba yakafifia, na makambi yakageuka vijiji. Ukipita leo unadhani ni kijiji cha kawaida chenye msikiti na kilabu. Tazama nyumba zilivyopangwa: mstari ulionyooka hivyo haupangwi na watu wanaohamia kwa mjomba. Mstari ule ni wa mnyapara.

Na majina ya kata zetu za Lindi mjini: kuna Makonde, kuna Nachingwea. Majina yanajisemea.

#5 ChaleZaBabu

Nimesoma kimyakimya, nimefika post ya Mingoyo nimeshindwa kunyamaza. Hao wa "ng'ambo ya Ruvuma" mnawataja juu juu. Mimi ni mjukuu wao.

Babu yangu alivuka kwa mtumbwi usiku. Upande wa Mreno kulikuwa na pamba ya lazima: unalima utake usitake, unauza kwa bei yao. Ukikwepa pamba unakamatwa kwa shibalo, kazi ya kulazimishwa. Akavuka, akaingia mkonge, akamaliza mkataba, akasikia Mtwara wanahitaji watu wa bandari, akaja.

Wote mlikuwa Wamakonde, si ndiyo? Basi Wamakonde wa Newala hawakumwita babu ndugu. Walimwita Mmawia. Alikuwa na chale usoni, meno yamechongwa, hakuwa Mwislamu, na nguruwe pori anamla. Nani mwenye nyumba ampe chumba? Bibi alituambia kwamba mtoto akilia mtaani anatishiwa "nyamaza, Mmawia anakuja". Wakati huo anayetajwa kapanga foleni kisimani na ndoo yake kama wengine.

Matokeo yake walijenga pembeni, kule ambako mji ulikuwa umeishia. Sasa mji umekua, pembeni pamekuwa katikati. Kiwanja alichokipata babu kwa sababu hakuna aliyekitaka, kaka zangu wamekataa milioni nyingi tu. Dalali unajua ninachosema, mmoja wenu alikuja na mteja.

Halafu wimbi la pili. Juni 16, 1960 Wareno waliua watu Mueda. Mwaka 1964 vita vya ukombozi vikaanza, wapiganaji wa FRELIMO, chama cha ukombozi wa Msumbiji, wakawa wanafundishwa Nachingwea, pale pale penye karanga zilizoshindikana, na wakimbizi wakawekwa Rutamba kule Lindi. Babu ambaye jana alikuwa Mmawia wa kutisha watoto, ghafla nyumba yake ikawa ndiyo mapokezi. Vyumba viwili, watu 11. Mwaka 1975 Msumbiji ikapata uhuru, wengine wakarudi. Waliokuwa wameshazaa na watu wa hapa hawakurudi.

Tangu Oktoba 2017 vurugu zilipoanza Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, na zaidi baada ya Palma kushambuliwa Machi 2021, simu za usiku zimerudi nyumbani kwetu. Nikiona namba ya kule saa nane usiku, sipokei kabla sijakaa.

#6 MzawaHalisi

Kwa hiyo mnataka kusema Mtwara haina wenyewe? Kila mtu wa kuja? Mbona mnatuvunjia heshima wenye mji wetu.

#7 KiliMaMbili

Mzawa, babu yako mzaa babu alizaliwa kata gani? Na kata hiyo ilikuwepo?

#8 MzawaHalisi

Babu katokea Masasi. Ila hiyo si hoja.

#9 KiliMaMbili

😂😂😂 Naongeza uraka.

#10 MbagalaRangiTatu

Wazee wa nyumbani shikamooni. Naandika kutoka Mbagala, yaani Mtwara ya pili. Ukishuka Rangi Tatu jioni ukapiga salamu kwa Kimwera, wanageuka wengi tu.

Dalali, ule ukuta wa bibi usio na lipu ndio nataka kuueleza. Mimi ndiye ukuta ule.

Korosho zilifika kilele msimu wa 1973/74, karibu tani 145,000 nchi nzima. Ikaja operesheni ya vijiji, watu wakahamishwa na kukusanywa barabarani, mikorosho ikabaki porini kilomita kadhaa kutoka kitandani. Mkorosho usiopaliliwa unamezwa na pori, ukipita moto ndiyo basi. Ukaongezeka ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, na bei ya mkulima ikawa ya kuchekesha. Ilipofika 1986/87 uzalishaji ulikuwa tani kama 16,500. Viwanda vya kubangua vilivyojengwa kwa mkopo vikabaki na popo, vingine vikawa maghala. Sasa kijana wa Mahuta au wa Nyangao afanye nini? Akachukua nauli ya baba, akapanda chochote kinachokwenda Dar.

Na kwenda Dar wakati huo si leo. Mvua zikianza, barabara ya Kusini inafungwa. Mnalala Ndundu mnangoja pantoni ya Rufiji, mnanunua samaki hadi hela ya kuanzia maisha inaishia pale. Wenye bahati walipanda meli. Daraja la Mkapa limefunguliwa 2003, mimi nilikuwa nimeshafika Dar miaka 10 nyuma.

Nilianza na vitana na nyembe, kwenye boksi, Kariakoo. Watu walituita wamachinga, kwa sababu vijana wa Kimachinga kutoka Lindi walikuwa wengi kwenye biashara ya kutembeza. Sasa hivi anayeuza soksi Mwanza, Msukuma safi, naye anaitwa machinga. Kabila limegeuka kazi.

Tulipanga Mbagala kwa sababu mbili tu: basi la Kusini lilikuwa linapita hapo, na ukikosa kodi kuna mtu wa kwenu wa kulala chini kwake. Mmoja akaita mdogo wake, mdogo akaita shemeji. Hakuna ofisi iliyopanga hivyo.

Na ukuta? Kwetu nako upo kama huo. Mama alikuwa anapiga simu ya kijiji, "mwanangu, lipu". Natuma hela, inageuka ya msiba. Natuma tena, inageuka ya unyago wa mdogo wetu. Ukuta ule umekula hela yangu mara tatu bila kuonja mchanga. Kwa hiyo msiuhesabu kama miaka ambayo hakukuwa na kitu. Hela ilikuwa inaingia, ila ilikuwa inawalisha watu.

#11 DalaliWaChikongola

Mbagala umeniumiza. Nitamsomea bibi hii.

Sasa niwape ya gesi, kwa sababu nilikuwemo hadi shingoni. Gesi ya Mnazi Bay iligunduliwa 1982, ikakaa. Kwenye miaka ya 2010 kampuni zikaja kutafuta nyingine baharini, bandari yetu ikajaa meli za kazi, na hoteli za Shangani zikawa hazina chumba. Shangani ndiko alikokaa Mzungu wa karanga, viwanja vikubwa, upepo wa bahari. Miaka 60 baadaye Mzungu wa gesi kafikia pale pale. Ungedhani waliachiana funguo.

Kila mtu alisema "Mtwara kuchele", yaani kumekucha. Wenye nyumba wakaanza kudai kodi ya mwaka mzima kwa mkupuo. Wapangaji wa zamani, walimu, manesi, wauza samaki, wakatakiwa wapishe. Hapo mikono yangu haiko safi. Nilihamisha familia tatu kutoka nyumba moja Ligula ili nyumba ikarabatiwe kwa "mgeni wa kampuni". Nikala dalali yangu ya mwezi mmoja. Mgeni hakutokea. Nyumba ilikaa tupu mwaka na nusu. Mmoja wa wale wapangaji tunakutana msikitini kila Ijumaa, ananisalimia vizuri, na hiyo ndiyo inayonikera.

Serikali ikaamua gesi iende Dar kwa bomba la zaidi ya kilomita 500. Watu wakasema gesi haitoki. Januari na Mei 2013 mji ukawaka, mnakumbuka, sitaki kurudia. Wengine wanasema ilikuwa siasa. Mimi nasema ingia kwenye ile hesabu: mtu keshauza shamba la mikorosho akajenga vyumba vinne vyenye vigae, halafu anaambiwa wapangaji watakuwa Dar. Bomba likakamilika 2015. Bei ya mafuta duniani ilikuwa imeshaanguka tangu 2014, kampuni zikapunguza watu, meli zikapungua.

Sensa ya 2012 ilihesabu watu 108,299 manispaa nzima. Ukiangalia vyumba vilivyokuwa vinajengwa mwaka ule ungedhani tunangojea milioni.

#12 MamaLisheWaMalori

Habari zenu kaka na dada. Mimi si mtu wa kuandika sana, mwanangu kanisaidia.

Nimetoka Songea mwaka 2016, nilimfuata mume aliyepata kazi ya kupakia saruji, kiwanda cha Dangote kule Hiari kilikuwa kimezinduliwa mwaka mmoja nyuma. Nikafungua kibanda cha chakula. Nikaanza na ugali wa muhogo na samaki, nikijua niko Mtwara niwapikie watu chakula chao. Wenyeji walikuja wawili watatu, kwao wana ugali wao. Waliokuwa na hela ni madereva, na madereva wengi wa huko kwetu na Mbeya. Wanauangalia ule ugali wa muhogo, wanauliza huu ni udongo au nini. Nikageuza, sembe na maharage, likolo, mboga ya majani ya kwetu, Jumamosi kande. Lami ya Tunduru ilipokamilika na malori ya makaa ya mawe kutoka Mbinga yalipoongezeka, nikaongeza meza.

Pembeni yangu kuna fundi wa matairi ni Mnyakyusa. Anayefuata anauza vocha na mishikaki, Mpare. Gesti ni ya mama wa hapa hapa, shamba lake lilikuwa la mikorosho. Hakuna aliyetupangia. Sasa watoto wetu wamefungua madrasa upande mmoja na sisi wengine tunasali kwenye turubai upande mwingine, na mwenyekiti wa mtaa tumempata.

Mtaa haujapewa jina rasmi. Madereva wanaita Kwa Mama Songea. Naona aibu lakini ndivyo.

Na siku hizi ming'oko, ile mizizi ya porini ya huku, nimeanza kuuza. Madereva wenyewe wameomba.

#13 BintiMikindani

Mama Songea hongera. Miaka 50 ijayo wajukuu zetu watagombana humu kwa nini panaitwa Songea na hakuna Mngoni hata mmoja.

#14 MzawaHalisi

Sawa, nimekubali nusu. Ila dalali ulisema waliojenga ni "waliokosa nauli". Baba yangu nauli alikuwa nayo. Kutoka Masasi alikuja kwa hiari yake, na akakaa kwa hiari yake. Usitufanye wote mizigo iliyoshushwa na meli.

#15 DalaliWaChikongola

Mzawa, hiyo naipokea, neno "kutupwa" nalifuta. Hata bibi ameniambia hivyo leo asubuhi nilipomsomea uzi. Anasema mumewe bandari ilipompunguza angeweza kurudi Newala, shamba lilikuwepo. Alikataa kwa sababu Newala maji yalikuwa chini ya mlima, na yeye bibi ndiye angeyapandisha kichwani. "Mwanamume aliyenipenda," amesema, akaingia ndani.

Nimepita pia kwa yule fundi chuma. Nikakuta vijana wa chuma chakavu wawili wamesimama na mizani yao, wanataka ile reli. Wanakwenda nayo mtaa kwa mtaa, lafudhi ya Kanda ya Ziwa. Wamepandisha bei mara tatu mbele yangu. Fundi hata nyundo hakuiweka chini. Nikamuuliza ina kilo ngapi, akasema hajui, haijawahi kuinuliwa. Baba yake aliikuta pale chini ilipolala, akaona ni mzigo kuihamisha, akasimamisha nguzo nne kuizunguka na kuweka bati juu.

#16 KiliMaMbili

Heshima kwa fundi. Dalali, samahani nje ya mada: kile chumba cha kuku kina mtu? Nahamia Mtwara mwezi ujao, kazi ya msimu wa korosho.

#17 DalaliWaChikongola

Kipo. Njoo na kodi ya miezi mitatu na yangu ya mmoja. Kuku wanahama siku hiyo hiyo.